Giza la Desemba: wiki moja Mtwara nikimtafuta samaki-taa

Jumapili

Safari hii ilianzia darasani, tena kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi Machi binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza samaki gani ni wengi kuliko wote baharini, nami bila kupepesa macho nikajibu: dagaa. Darasa zima likaandika. Jioni nikafungua vitabu kuthibitisha nilichokwisha kukisema (walimu wengi ndivyo tulivyo, tusidanganyane) nikakuta nimewalisha watoto uongo. Kwa kuhesabu vichwa, wanaoongoza ni visamaki vya vilindini viitwavyo Cyclothone, ambavyo vikishakua huishi gizani na hufia hukohuko. Lakini kwenye kundi hilohilo la walio wengi kupindukia kuna jamii nyingine, Myctophidae, yenye spishi kama 250, vidogo vyote, wengi hawafiki urefu wa kiganja, na karibu kila mmoja amepangiwa taa tumboni na ubavuni. Mimi huwaita samaki-taa. Hawa, mchana hukaa chini sana, usiku hupanda.

Hilo neno "hupanda" ndilo lililonitoa nyumbani. Kinachopanda kinaweza kuonwa. Na mjomba wangu, mdogo wake mama, ni nahodha wa boti ya dagaa Mtwara.

Nilimpigia simu mwezi wa kumi kumwuliza nije lini. Nilidhani ataulizia likizo ya shule. Akasema tu, "Njoo giza la Desemba. Mwezi ukiwa mkubwa sisi tunashona nyavu."

Basi liliondoka Mbagala alfajiri. Hadi Ikwiriri nilikuwa nasinzia. Niliamka tukiwa juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita nzima juu ya mto Rufiji, maji ya rangi ya chai ya maziwa chini yetu. Somanga tulisimama kwa samaki wa kukaanga. Nilinunua changu wawili kupitia dirishani, na nilipopokea chenji ndipo nikaona mfuko wangu wa mgongoni umelowa. Chupa ya spiriti niliyobeba kuhifadhia samaki ilikuwa imefunguka kizibo. Mashati matatu, taulo, na nusu ya daftari. Kuanzia hapo hadi Nangurukuru basi lilinuka zahanati, na kondakta alipita mara mbili akiuliza kwa upole wa mashaka, "Jamani, nani ana mgonjwa?" Nikatazama nje.

Baada ya Mingoyo ni mikorosho tu, na harufu tamu iliyochacha ya mabibo ya mwisho wa msimu. Tulifika jua likizama. Mjomba alikuwa stendi na pikipiki ya kukodi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unanukia sindano?"

Jumatatu

Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, na mahojiano.

"Huyo samaki wako, kwetu anaitwaje?"

"Sijui, mjomba. Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Mchore."

Nikamchorea pembeni mwa gazeti: mwili kama wa dagaa mnene, jicho kubwa linalokula karibu theluthi ya kichwa, mdomo mpana uliopasuka hadi nyuma ya jicho, kipezi kidogo cha nyama kati ya pezi la mgongoni na mkia, na vitone vya taa kwenye mistari tumboni. Mjomba anaweza kukutajia samaki tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kurudia. Alizungusha lile gazeti, akalirudisha. "Hatuna."

Nilimwambia spishi niliyoilenga hasa: Benthosema pterotum. Urefu wake mkubwa kabisa ni sentimita kama 7, na maisha yake hayazidi mwaka mmoja. Jina hilo lilitolewa 1890 na daktari Mwingereza, Alfred Alcock, aliyefanya kazi kwenye meli ya upimaji iliyoitwa Investigator upande wa India. Bahari ni hiihii moja, nikasema. Anapatikana Bahari ya Arabuni, anapatikana Msumbiji, na Msumbiji mjomba anaiona kwa macho akifika Ruvuma.

"Labda hakuomba viza," akasema, akanipeleka Feri.

Soko la samaki la Feri saa mbili asubuhi halina nafasi ya mtu anayeshangaa. Unasukumwa na matenga, unamwagiwa maji ya barafu, na mnadishaji haachi kinywa. Jodari watatu walikuwa wamelala kwenye sakafu, mmoja wa kilo kama ishirini. Kijana anayepaa samaki alikuwa anampasua huyo. Nikampa shilingi elfu mbili aniachie tumbo.

"Unataka kula tumbo la jodari?"

"Nataka kuangalia ndani."

Akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mgonjwa wa akili kitu anachokitaka ili yaishe. Nikachuchumaa pembeni ya bomba na kisu cha mjomba.

Mfuko wa tumbo la jodari ni mgumu, una mikunjo kama kitambaa kilichofinyangwa. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya waridi, uduvi uliosagika. Mlikuwa na midomo miwili ya ngisi, myeusi, imepinda kama ya kasuku. Nyama ya ngisi huyeyuka, mdomo haukubali. Na chini ya hivyo vyote, vimeshikamana, visamaki vitatu. Kimoja kilibaki uti wa mgongo na kichwa. Cha pili kilikuwa nusu. Cha tatu nilikisuuza kwenye kiganja, polepole, na maji yalipoondoa ule uji likatokea jicho. Lilikuwa limepiga ukungu, lakini kubwa, kubwa mno kwa kichwa kile. Magamba yote yalikuwa yameng'oka. Tumboni, kuanzia chini ya koo hadi kwenye shina la mkia, palikuwa na mistari miwili ya vitone vyeusi vilivyozungukwa na fedha, kimoja baada ya kingine, kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye subira.

Yule kijana aliinama kuchungulia. "Hao? Hao si ndio uchafu wa tumboni? Kila siku nawamwaga."

Mjomba hakusema kitu. Alikichukua kile kisamaki kwa kidole gumba na cha shahada, akakigeuza kwenye jua, akakigeuza tena.

Kwa hiyo jina lilikuwepo, ila si zuri. Miaka yote Feri wamekuwa wakiwaona hawa, kila siku, kwa mamia, wakiwa tayari wameliwa. Jodari anawala, ngisi anawala, pomboo anawala. Watafiti wengi huwajua kwa njia hiyohiyo ya matumboni, hata wakiwa wamesagika kabisa, kwa sababu ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya masikio ambavyo haviyeyuki upesi, na samaki-taa amejaliwa vikubwa kwa umbo lake. Nilivitoa viwili kwa ncha ya sindano. Vidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Ukikisugua kijiwe hicho hadi kiwe chembamba ukakiweka chini ya darubini, unakuta duara ndani ya duara, duara moja kwa siku moja. Hivyo ndivyo inavyojulikana kwamba Benthosema pterotum hamalizi mwaka. Mtu amekaa akahesabu siku zake.

Jumanne

Hatukutoka. Injini iligoma kuwaka, fundi akasema plagi, plagi ikabadilishwa, ikagoma, fundi akasema basi si plagi. Nilipanda bajaji kwenda Mikindani kupoteza mchana. Ghuba imetulia kama sahani, magofu yamelala chini ya miembe, na kibao kinakukumbusha kwamba Livingstone alianzia bara safari yake ya mwisho kutokea hapa mwaka 1866. Nilikula pweza wa nazi. Kilichobaki cha siku hiyo hakina maana.

Jumatano

Injini imekubali. Tumetoka Feri saa kumi jioni, watu tisa nami wa kumi, boti ya faiba yenye wavu wa ringi uliorundikwa nyuma kama kichuguu, na mtumbwi wa taa tukiukokota. Nahodha akasoma dua, wote tukaitikia amina. Kabla hatujapita mlango wa bandari nilianza kupiga mluzi, sijui wimbo gani, na mzee mmoja akanigusa bega. "Ticha, chomboni hatupigi mluzi. Unaita upepo." Kaskazi ilikuwa bado changa, ikivuma kwa staha. Niliufyata.

Mtu wa Dar amezoea bahari inayokwenda mbali kabla ya kuwa bahari. Mtwara si hivyo. Unavuka mwamba, mawimbi yanapasuka kushoto na kulia, maji ni ya kijani kibichi na unaona mchanga chini. Unavuta pumzi chache, kijani kinakuwa buluu, kisha buluu inakolea hadi inafanana na wino. Ule ukingo wa bara hapa ni mwembamba, chini panakatika ghafla kama ukuta wa nyumba. Ndiyo maana nilichagua Mtwara na si kwingine: makao ya samaki-taa wa mchana hayako safari ya wiki mbili kwa meli, yako mbele ya uwanja. Hapo nje ndipo pia mkondo mkubwa unaokuja toka mashariki mwa Bahari ya Hindi unapogonga Afrika, karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika, mkono mmoja ukapanda kaskazini kupitia kwetu kwenda Kenya, mwingine ukashuka Msumbiji. Wale mabaharia hawahitaji kusomewa hilo. Wamezima injini mara ngapi wakajikuta Lindi.

Kwenye boti kuna chombo cha kupimia kina, wenyewe wanakiita kioo tu. Nilikaa mbele yake. Mita 35. Mita 80. Mita 170. Kisha tarakimu zikaanza kupepesa na ule mstari mnene wa chini ukazama nje ya kioo.

"Hapo hana tena chini," akasema mjomba, kama anayesema mtu fulani hana tena wazazi.

Saa kumi na mbili na nusu jua likagusa maji upande wa bara. Watatu waliswali magharibi wakipokezana mahali pa kusimama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo, na hapo ndipo ilipotokea, bila haraka yoyote. Kwenye sehemu tupu ya chini kukatokea ukungu. Si mstari, ukungu, rangi ya buluu hafifu yenye chembe za manjano. Mita 200. Baada ya dakika kadhaa, 170. Nikamwita mjomba.

"Ah, hiyo? Hiyo takataka. Hicho kioo kina ugonjwa, kila jioni kinaleta hivyo. Bonyeza hapo, inapungua."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Alfajiri inarudi chini. Nimekipeleka kwa fundi mara mbili."

Nikamshika mkono asibonyeze.

Nikamsimulia kwamba hakuwa wa kwanza kukishuku kioo. Mwaka 1942, katikati ya vita, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakijaribu mitambo ya sauti ya kusakia nyambizi karibu na California walikuta sakafu ya bahari mahali ambapo ramani zilionyesha kilindi kirefu zaidi. Sakafu yenyewe ilikuwa ikipanda jioni na kushuka asubuhi. Haikuwa ardhi. Ilikuwa viumbe, wamejipanga tabaka moja nene, na miongoni mwao samaki-taa tele, maana wengi wao wana kibofu cha hewa tumboni, na sauti ikigonga hewa ndani ya maji inarudi kwa kishindo. Kila jioni, katika bahari zote, lile tabaka linapanda kufuata chakula kwenye maji ya juu, na kila alfajiri linakimbia mwanga kurudi chini. Hakuna msafara wa wanyama mkubwa kuliko huo duniani. Nyumbu wa Serengeti ni kama foleni ya kantini.

Mjomba alikaa kimya akitazama takataka zake. Mita 140. Mita 110.

"Na mwezi ukiwa mkubwa?"

"Wanabaki chini zaidi. Wanaogopa kuonekana."

"Aa," akasema. Kisha kwa sauti ya kuita wengine: "Mnasikia? Na wao wana giza lao!" Wakacheka, lakini nadhani nilipandishwa cheo kidogo hapo.

Saa mbili mtumbwi wa taa ukaachwa mbele yetu na kijana mmoja peke yake na betri zake. Nikaomba kwenda naye. Mjomba alisita, akanivalisha boya, akanipa wavu mdogo wa kuchotea wenye mpini wa mwanzi.

Kwa muda wa saa sita nzima tulikaa juu ya duara la mwanga mweupe. Kwanza kinakuja kile kivumbi hai, viduduvi vidogo kuliko punje ya ufuta, vinaruka-ruka kama vumbi kwenye jua la dirishani. Hicho ndicho mlo wa samaki-taa. Kisha chuchunge, wanakata uso wa maji kama sindano. Kisha dagaa, kwanza kumi, kisha ghafla huwezi kuhesabu, wanazunguka upande mmoja wote. Pembezoni, mahali mwanga unapokufa, ngisi wananing'inia, wanabadilika rangi, wanarudi nyuma. Samaki-taa hakuna. Wengi wa jamii hiyo hawapendi mwanga mkali, nilijua hilo tangu nyumbani, lakini kujua hakupunguzi usingizi.

Saa nane usiku kijana akaanza kuzima taa moja moja, ili dagaa wajikusanye chini ya iliyobaki kabla boti haijazungusha wavu. Ilipobaki moja, tena aliyoifunika nusu kwa kitambaa, ukingo wa giza ukasogea hadi karibu na ubavu wa mtumbwi. Kitu kikapita hapo, kifupi, cha fedha, hakikuogelea kama dagaa. Kilijirusha, kikasimama kabisa, kikajirusha tena. Nikachota. Nikakosa. Kijana akanipokonya ule wavu bila kuomba radhi, akasubiri, akachota mara moja.

"Huyu?"

Huyu. Ndani ya ndoo nyeupe alikuwa na sentimita nne na nusu, mgongo wa kahawia iliyokolea, ubavu wa fedha, jicho lote mboni. Nilipomgusa, magamba matatu yalibaki kwenye kidole gumba changu. Hayajashikiliwa na kitu, yanang'oka kwa kufikiriwa tu. Nikajifunika ndoo pamoja na kichwa kwa koti la mvua la kijana, nikasubiri macho yazoee.

Mwanzo hakuna kitu. Ni pumzi zangu na harufu ya petroli. Kisha chini kabisa, mstari wa nukta. Si nyeupe kama taa zetu. Buluu yenye ukijani kidogo, hafifu, na zimetulia, hazimeti kama za kimulimuli. Nilipotikisa ndoo, juu ya shina la mkia kukawaka waa moja, kubwa kuliko nukta zote, likazimika. Katika wengi wa jamii hii waa la juu ya mkia ni la dume; la jike liko chini ya mkia. Kwa hiyo alikuwa dume, na alikuwa amenikasirikia.

Mwanga huo hautokani na bakteria kama wa samaki wengine wa vilindini. Ni wake, kemikali yake ndani ya vifuko hivyo, na mbele ya kila kifuko kuna gamba lililoumbwa kama lenzi. Mpangilio wa vitone hutofautiana spishi kwa spishi, ndiyo maana mwenye kuwatambua huanza kwa kuhesabu taa. Nilizihesabu na tochi ya simu ikiwa mdomoni. Taa ya mkia mahali pake. Nikaandika Benthosema pterotum, kwa penseli.

Kijana naye akaingia chini ya koti. Alikaa muda. Alipotoka akasema, "Kwa hiyo huyu naye ni mtu wa karabai."

Tuliporudi kwenye boti niliwaeleza taa zile ni za nini, na nilikuwa nimejiandaa kuchora. Haikuhitajika. Mjomba ujanani alikuwa mzamiaji wa pweza. "Ukiwa chini ukatazama juu," akawaambia wenzake, "hata mtumbwi mdogo unauona mweusi ti, kwa sababu juu kuna mwanga. Mwanga wa nyota tu unatosha. Huyu anawasha tumbo lake lifanane na ule mwanga wa juu. Anafuta kivuli chake." Akanigeukia. "Siyo?"

Ndiyo hasa. Mimi darasani ningetumia kipindi kizima.

Wavu uliinuliwa saa tisa. Ndoo sita za dagaa, watu kumi. Hakuna aliyesema kitu, ila nilisikia nyuma yangu neno "nuksi" na neno "ticha" yakipita karibu karibu.

Alhamisi

Samaki alikufa kabla hatujafika ufukweni. Hawa hawavumilii ndoo. Spiriti iliyobaki baada ya ajali ya Somanga haikutosha kumfunika, kwa hiyo nilimweka kwenye kisosi chenye maji ya chumvi barazani, nikaingia ndani kutafuta simu nimpige picha kwenye mwanga mzuri.

Nyumba ya mjomba ina paka wawili. Nilikuwa nimemzoea mmoja.

Sitaandika zaidi kuhusu Alhamisi.

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa chini ya mwembe, wali wa nazi na vibua. Mabaharia wanne walikuja, wengine kwa sababu ya kisa cha paka, ambacho kimeshafika Feri. Wakauliza swali ambalo nilishangaa kwamba limechelewa: wanalika?

Nikawapa nilichonacho. Afrika Kusini waliwahi kuwavua, spishi nyingine iitwayo Lampanyctodes hectoris, wakawapeleka kiwandani kutengenezwa unga wa samaki na mafuta. Mafuta yenyewe yakawa mengi hadi kuwa kero kwenye mitambo, na uvuvi huo ukafifia miaka ya 1980. Wairani wamejaribu Ghuba ya Oman, kumvua huyuhuyu wetu. Kuhusu wingi, kwa muda mrefu hesabu ya samaki wote wa tabaka hilo la kati duniani ilikuwa kama tani bilioni moja. Mwaka 2010 hadi 2011 Wahispania walizunguka bahari kwa safari waliyoiita Malaspina wakipima kwa sauti, na makala iliyotoka 2014 ikasema huenda ni mara kumi ya hapo, kwa sababu samaki hawa huukwepa wavu na hesabu za zamani zilitegemea nyavu.

"Mara kumi," akarudia yule mzee wa mluzi.

Ukimya ule ulikuwa wa watu wanaopiga hesabu ya mafuta ya injini. Mjomba ndiye aliyeukata, na hakuwa na furaha. "Wewe unaandika mambo haya?"

"Naandika, mjomba."

"Andika ni wengi. Usiandike ni rahisi. Mtu mwenye meli akisoma pale pana samaki bila mwenyewe, atakuja na wavu wa kilomita. Akishawamaliza hao, jodari wangu atakula nini? Plastiki?"

Mzee mmoja akasema bahari haiishi. Mwingine akamwambia kambakochi nao walikuwa hawaishi. Wakaanza kubishana juu ya kambakochi, kisha juu ya kokoro, kisha juu ya nani hasa alikuwa anavua kwa baruti miaka ile, na hapo majina yakaanza kutajwa na mimi nikainuka kunawa mikono. Kuna hoja moja sikupata nafasi ya kuisema, nayo ni nzito: samaki hawa wanapokula juu usiku na kunya chini mchana, wanashusha kaboni toka kwenye maji ya juu kwenda kilindini, kila siku, bila malipo. Ningemwambia mjomba kwamba wasiwasi wake una wenzake maabara. Lakini kambakochi walikuwa wameshashika mkutano.

Jumamosi

Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba alinisindikiza na mfuko wa korosho na dagaa wakavu waliofungwa mara tatu kwa heshima ya abiria wenzangu. Alisema giza lina siku nne zaidi, kisha watashona nyavu. Pia alisema kioo hakitaenda tena kwa fundi.

Tulipopita Lindi nikafungua daftari, ile nusu isiyolowa spiriti. Kati ya kurasa kuna gamba moja kati ya yale matatu yaliyobaki kwenye kidole gumba changu. Nililibandika kwa selotepu usiku uleule, na ndilo lililobaki la samaki wangu, tukiacha lililomo ndani ya paka. Kavu, halina rangi, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Likielekezwa kwenye dirisha la basi unaona mistari yake ya ukuaji, myembamba sana.

Shule inafunguliwa Januari. Yule binti atakuwa kidato cha nne sasa. Nitamwambia jibu la Machi lifutwe, na lenzi ya kuangalizia nitamwazima.